Nafasi ya Dirishani

Kabla hajawa mfungwa alikuwa fundi bomba, na gerezani jina la Fundi likamganda ingawa hakuna aliyewahi kumshikisha hata spana. Alifungwa pamoja na Dereva, rafiki yake, kwa mabomba yaliyopotea kwenye ghala la tajiri mmoja. Mlinzi wa ghala alisema aliwaona wote wawili wakipakia usiku, na neno la mlinzi likatosha. Walikata rufaa, wakaambiwa wasubiri. Kuambiwa subiri na mtu anayelala kitandani kwake ni jambo jepesi kwa msemaji tu.

Sasa nikueleze selo yao, maana usipoielewa utamwita Fundi mpumbavu, kama walivyomwita wengine. Chumba kilijengwa kwa watu ishirini, wakalazwa zaidi ya sitini. Kulala chali, thubutu! Mnalala ubavu, magoti ya huyu nyuma ya magoti ya yule, na nyapara, mfungwa mwenzao aliyepewa kuwasimamia, akipiga makofi mnageuka wote kwa pamoja. Geuka peke yako uone utakavyotukanwa mpaka bibi yako aliyeko kaburini. Mgeni anaanzia mlangoni, kando ya ndoo ya haja, ambako kila anayeamka anakukanyaga na asiye na shabaha anakurushia. Mtu akitoka, au akifa, mnasogea nafasi moja. Mwisho wa safari hiyo ni chini ya dirisha. Dirisha lenyewe basi? Ukubwa wa trei ya mayai, tena lina nondo. Lakini hewa inaingia, na ubavu wako mmoja unagusa ukuta badala ya mgongo wa mtu mwenye jasho.

Sheria ya humo haikuandikwa popote na hakuna aliyeibishia: nafasi isiyolaliwa usiku mmoja haina mwenyewe. Ukirudi, unaanza upya kwenye ndoo.

Mahakama ya rufaa ilikuwa mji mwingine, na waliopelekwa huko walilala gereza la hukohuko. Mara ya kwanza Fundi na Dereva walipokwenda, jaji mmoja alikuwa mgonjwa, kesi ikaahirishwa. Fundi akarudi kwenye ndoo. Ilimchukua miaka kusogea, na kifua kikaanza kumbana. Mara ya pili, faili halikuonekana. Akarudi kwenye ndoo. Jamani, mtu mzima, baba wa watoto, analala uso umeelekea mavi ya wenzake kwa sababu karani hajui alikoweka faili! Safari ile alilia mbele za watu wala hakujificha. Dereva alimtania kwamba yeye na ndoo wamekuwa mashemeji, hawawezi kuachana. Fundi hakucheka.

Walipoitwa mara ya tatu, Fundi ndiyo kwanza amefika dirishani. Kifua kilikuwa kimetulia. Alikuwa analala usingizi wa kweli, wa kuota yuko kazini anafunga koki. Asubuhi majina yakasomwa uwanjani, Dereva akasimama. Fundi akabaki amechuchumaa.

Dereva alimbembeleza, kisha akamtukana. Fundi akashikilia kwamba hao anawajua, wataahirisha tu. Dereva atangulie, na siku kesi itakaposikilizwa kweli naye atakwenda. Askari, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwonya kwamba itabidi akatamke mbele ya mkuu wa gereza kuwa amekataa kwa hiari yake. Akaenda, akatamka. Mkuu akamuuliza kama akili zake ni timamu. Akajibu kwamba ni timamu kabisa.

Safari hii hawakuahirisha. Majaji waligundua upesi kwamba mlinzi mwenyewe alikiri usiku ule umeme ulikatika, sasa aliwaonaje? Dereva akaachiwa palepale. Rufaa ya Fundi ikatupwa, kwa kuwa mwenye rufaa amekataa kuja, na ikitupwa namna hiyo ndiyo basi tena. Habari zililetwa na mfungwa aliyerudi kutoka huko. Fundi akauliza kama Dereva alisema lolote. Akaambiwa alitoka analia, anawauliza askari, na mwenzangu je, na mwenzangu je.

Siku ya wageni, mdogo wake wa kike alikuja. Ndiye pekee katika ukoo aliyekuwa bado anamfuata, na mara zote tatu alisafiri akakaa kwenye benchi la mahakama. Wageni wengine walikuwa wakipiga kelele ili wasikike ng'ambo ya wavu. Yeye alisogeza uso karibu.

“Kaka, walisema umekataa. Nikawaambia huyo siye ndugu yangu, mtakuwa mmemuua mnanificha.”

Fundi alikuwa ameandaa uongo mzuri wa homa. Ukamshinda kuutoa mbele ya macho yale.

“Ningekwenda ningepoteza nafasi yangu, mdogo wangu. Sasa hivi nalala dirishani.”

Mdogo wake alingoja aendelee, maana haiwezekani maneno yakawa ni hayo tu.

“Dirisha gani, kaka?”

Fundi akainua mikono amwonyeshe ukubwa wake, akaona jinsi viganja vyake vilivyokaribiana, akaishusha.