Pengo la Dada Kutu

Dada Kutu hana dogo. Jina hilo walimpachika wenzake chuoni kwa sababu ya vipande vya mabati alivyovitandaza juu ya paa la maabara. Kila asubuhi alipanda ngazi, akavishusha, akavipima uzito na kuvirudisha, apate kujua kutu inavila kwa kasi gani. Mvua imnyeshee, jua limchome, yeye na mabati yake. Na ole wako uanike taulo karibu nayo!

Siku aliyorudishiwa rasimu ya tasnifu yake, aliyoiandika kwa Kiingereza kama chuo kilivyotaka, mori ulimpanda akiwa bado koridoni. Alikuwa ameeleza wazi: upimaji ulisimama, mtafiti akaenda kumuuguza mama yake, na aliporudi mabati yalikuwa yameshatoboka. Yote hayo Profesa, msimamizi wake, kayakata. Badala yake kaandika sentensi moja, safi kama sahani ya wageni: kutu iliongezeka polepole, mfululizo, katika kipindi chote cha utafiti. Kwenye mchoro nako, palipokuwa na pengo, kaunganisha mstari kwa penseli na rula. Jamani, mtu mzima huyo!

Akaingia bila kubisha hodi.

"Shikamoo Profesa. Huu mstari umetoka wapi?"

"Marahaba. Kaa kwanza, binti yangu."

"Sikai."

Profesa akacheka kidogo. "Kiingereza cha sayansi ndivyo kilivyo. Muda unapita wenyewe, hauna mtu ndani yake. Nani atauliza?"

"Haukupita wenyewe! Niliupitisha mimi, kwenye benchi la wodi, namgeuza mama ubavu huu, namgeuza ubavu huu. Haya mabati nani aliyapima? Wewe ulipanda ngazi?"

"Punguza sauti. Bila saini yangu huhitimu, na ile kazi ya kufundisha anapewa mwingine. Unataka kumwaga unga wako kwa sentensi moja?"

Hapo aliyumba, tusidanganyane. Kazi ile alikuwa ameililia, na mama mwenyewe aliiombea mpaka sauti ikamkauka. Machozi yakamlenga. Akayameza, na hasira ikazidi kumchemka.

Kifutio kilikuwa pale mezani. Akakichukua bila ruhusa, akausugua ule mstari wa penseli mpaka karatasi ikakaribia kuchanika, kisha akapuliza vumbi lake, likamwangukia Profesa kwenye shati.

"Una kichaa wewe? Watahini wakikuuliza hapa palikuwa na nini, utawajibu nini?"

"Nitawajibu mama yangu alikuwa anakufa," Dada Kutu akasema, "na mimi nilikuwepo."