Pazia la Balozi Twalibu

Twalibu Feruzi alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Champaklal, na miaka yote aliyokaa pale, miguu yake ilikanyaga pedali na ulimi wake ulikanyaga watu. Hakuna mteja aliyepimwa suruali bila kusimuliwa kwamba babu yake Twalibu alikuwa kirangozi, yule mtu wa mbele kabisa katika msafara, mshika bendera, aliyewaongoza wapagazi kutoka Tabora mpaka pwani na kuwarudisha.

"Ukoo wetu haujawahi kutembea nyuma," alikuwa akisema, na sindano ikapanda na kushuka kana kwamba inaitikia.

Wazee wa mtaa wake wa Gongoni, Tabora, waliomkuta babu huyo hai walijua kwamba alibeba pembe za ndovu kama wenzake, na kwamba alizikwa na sugu lake begani. Lakini walikuwa watu wa adabu, wakanyamaza, na katika ukimya huo wa adabu Twalibu alinenepa.

Azimio la Arusha lilipotangazwa, hakuna mtu mtaani aliyelivaa haraka kama yeye. Alilivaa kweli: alijishonea suti ya kaki yenye mifuko minne, akapata ubalozi wa nyumba kumi, akaanza kumwita kila mtu ndugu, hata mkewe. Alihutubia wapita njia juu ya wanyonyaji akiwa amekalia kiti cha Champaklal, chini ya bati la Champaklal, na Champaklal mwenyewe, mzee mpole wa miwani, akimpelekea chai.

Mwaka wa pili baada ya Azimio, mwenyekiti wa tawi la Chama alihamishiwa Kigoma na kiti chake kikabaki wazi. Twalibu alikitaka kiti kile kama mwenye homa anavyotaka maji. Ilitokea kwamba siku chache kabla ya uchaguzi, binti yake Zamda alikuwa anaolewa na Yahaya, mfuga nyuki wa kijiji cha ujamaa huko Ipole. Twalibu hakumjali sana kijana mwenyewe. Alichopenda ni kijiji chake, maana kingependeza ndani ya hotuba.

Basi karamu ikawa ndiyo kampeni. Akiifanya kubwa, wataitwa mabepari, yeye na suti yake. Akiifanya ndogo, nani atamkumbuka siku ya kupiga kura? Alitaka karamu ya bei ndogo ambayo Tabora haijapata kuiona, na alitaka Katibu wa wilaya, atakayekuwa mgeni wa heshima, arudi nyumbani ameshiba na amevutiwa.

"Wanawake wa mtaa watapika," alisema Mwanne, mkewe. "Kila mmoja na sufuria lake, kama walivyopika kwa kila mtu. Mimi nimewapikia wote. Zamu yangu imefika."

"Pilau ileile, moshi uleule," alisema Twalibu. "Ndugu Mwanne, tunajenga taifa jipya."

"Taifa jipya halili pilau?"

Twalibu alikwenda hoteli ya karibu na stesheni, akatajiwa bei, akatoka bila kuaga. Akaenda kwa Nurjahan, fundi wa biriani wa upande wa madukani, ambaye alikubali kumpunguzia kwa ajili ya Champaklal. Lakini biriani ya Nurjahan ilikwisha kuliwa katika kila harusi tangu enzi za gavana. Twalibu akasema atafikiri, kwa sauti ya mtu ambaye hatafikiri.

Ndipo akamkumbuka Lukumani.

Lukumani alikuwa mpishi wa behewa la chakula la treni maisha yake yote, na sasa amestaafu, analima mchicha njia ya Ntalikwa. Sandukuni alikuwa bado na koti jeupe la vifungo vya shaba na kengele ya mkono ya kuwaita abiria mezani. Uhuru ulikuja ukampita akiwa jikoni, anageuza kuku. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo hata Twalibu akaingiwa na wasiwasi.

"Watu wa namna gani?" aliuliza Lukumani.

"Mtaa mzima. Na wakwe kutoka Ipole. Na wakubwa."

"Wa daraja la kwanza ni wangapi?"

Twalibu alicheka. Lukumani hakucheka.

"Balozi, behewa la chakula halilishi treni nzima. Daraja la kwanza wanakaa mezani: supu, kuku, pudini. La pili wanaingia zamu ya pili, wanakula kilichobaki. La tatu..." Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "La tatu wana vikapu vyao. Wape chai na andazi. Hujapata kuona mtu wa la tatu amelalamika, maana alijua mahali pake tangu anapanda. Kazi yako ni pazia tu, wasitazamane wakati wa kutafuna."

Kifua cha Twalibu kilifunguka. Kumbe ndiyo siri yenyewe! Kuku wachache, heshima tele. Na pazia angelishona mwenyewe. Alirudi nyumbani akitembea mbele ya kivuli chake, akamweleza mkewe mpango wote.

Mwanne alikuwa anachambua mchele. Aliacha.

"Baba Zamda, harusi si treni."

"Ni utaratibu. Hayo ndiyo maendeleo."

"Na wewe jana tu ulisimama hapo nje ukisema binadamu wote ni sawa."

"Ni sawa. Lakini hawawezi kula kwa mkupuo mmoja."

"Na wakwe? Watu watatoka Ipole juu ya lori, na vumbi lote lile. Utawaambia wako daraja la ngapi?"

"Wataingia mezani! Unanionaje, mimi sijui heshima ya mkwe?" alisema Twalibu, na saa ile alikuwa anaamini anachokisema. Hiyo ndiyo hatari ya watu wa aina yake; huwa wanajidanganya kwanza wao, wengine baadaye.

Kwa siku kadhaa suruali za wateja zililala barazani bila miguu, kwa sababu fundi alikuwa anashona pazia: kitambaa cheupe kizito, kipana, chenye pindo la kijani. Champaklal alikata kitambaa, akauliza kwa upole, "Twalibu bhai, hii ya nini? Unafungua sinema?" Twalibu akamjibu kwamba mambo ya Chama hayamhusu.

Siku ikafika. Ndoa ilifungwa asubuhi msikitini, wakili akikubali kwa niaba ya Yahaya, na bwana harusi na wakwe walitarajiwa mchana na lori la kijiji. Ua wa Twalibu ulikatwa vipande viwili na pazia. Upande wa mbele kulikuwa na meza ndefu, vitambaa, uma na visu vya kuazima. Upande wa nyuma, karibu na choo, mikeka. Wanawake wa mtaa walifika wamejifunga khanga zao nzuri, wakaelekezwa nyuma, na kila mmoja akapokea kikombe cha bati cha chai na andazi moja. Waume zao vilevile. Marcelina, muuguzi wa zahanati aliyekaa nyumba ya pili na mwenye ulimi uliochongwa vizuri, aliligeuza andazi lake juu na chini.

"Jamani, mbona hili halina tiketi? Tukikaguliwa tutasema nini?"

Kicheko kikapita mikekani. Upande wa pili Lukumani, vifungo vikimeta, akatikisa kengele. Daraja la kwanza likaketi: Katibu wa wilaya na wasaidizi wake, mkaguzi wa shule, bwana wa posta, mwenye kiwanda kidogo cha sabuni, na Twalibu kichwani mwa meza. Wakwe walikuwa bado njiani. Twalibu alitazama mlango, akatazama supu inayopoa, akatazama uso wa Katibu.

"Tuanze," alisema. "Reli haimngoji mtu."

Kuku alikuwa ndio kwanza anakatwa lori liliposimama nje. Waliingia watu wa Ipole, vumbi mpaka kwenye nyusi, Yahaya katikati katika kanzu iliyokunjamana, na mbele yake Mzee Masolwa, baba yake mkubwa, aliyemlea. Mzee alikuwa amevaa kandambili za mpira wa gari na amebeba kibuyu kikubwa kwa mikono miwili. Lukumani aliwaangalia miguu, kama alivyokuwa akiwaangalia watu miguu kwenye ngazi za behewa kwa maisha yake yote, akanyoosha kidole kwenye pazia.

"La tatu, nyuma."

Viti vyote vilikuwa na watu. Twalibu alielewa mara moja kinachotakiwa: asimame, aombe radhi, ampe mzee kiti chake mwenyewe. Kiti kimoja tu. Lakini kiti chake kilikuwa ubavuni mwa Katibu, na Katibu alikuwa ameshaanza kumwambia jambo kuhusu tawi. Mwanne alisimama mlangoni mwa jiko akimkazia macho mumewe mpaka macho yakaloa.

"Shikamoo mzee," alisema Twalibu bila kuinuka. "Karibuni sana. Subirini kidogo nyuma hapo, zamu ya pili inakuja."

"Marahaba," alisema Mzee Masolwa. Alimtazama kuku, akamtazama Twalibu. "Haidhuru, mkwe. Kuleni. Chakula tumekuja nacho."

Akainua pindo la kijani kwa kibuyu, akapita, na watu wake wote wakamfuata. Yahaya wa mwisho.

Nyuma walipokewa kwa vigelegele. Magunia yalifunguliwa: karanga za kukaanga, matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa vikawa kama tende, na ile asali ya kibuyuni.

"Si yangu mimi," alisema Mzee Masolwa. "Kijiji kizima kimetoa kwa ajili ya bibi harusi. Kaeni karibu, mikono ifike."

Haukupita muda, upande wa nyuma ukawa karamu na upande wa mbele ukawa kikao. Zamda, ambaye alipangiwa kuoneshwa mbele ya meza wakati wa pudini, alitokea amepambwa, akaangalia viti.

"Baba, wakwe zangu wako wapi?"

Twalibu alielekeza kwa uma. Zamda akavuka, akapiga magoti kwa Mzee Masolwa, na hakurudi tena upande ule.

Sasa Katibu hakuwa mjinga. Alikuwa na pua ya kujua watu wako wapi, na kwa pua hiyo alikuwa amepanda kila cheo alichopata. Aliposikia nyimbo zimepamba moto, alijifuta midomo, akainua pazia, akaketi mkekani katikati ya wanawake. Akachovya kidole katika asali, akatoa hotuba ndefu juu ya jasho la wakulima, mafuta ya kuku wa daraja la kwanza yakimng'aa kidevuni. Wakampigia makofi, maana walikuwa na furaha siku hiyo. Wasaidizi wakamfuata. Wengine wakawafuata wasaidizi.

Twalibu alibaki mezani na Lukumani, ambaye alitikisa kengele kuita zamu ya pili. Hakuja mtu.

Jioni, Zamda alipokwisha kupandishwa kwenye lori na mama yake akiwa bado anafuta machozi kwa ncha ya khanga, Mzee Masolwa alimwendea Twalibu, akapapasa pazia kwa vidole vyake vigumu.

"Kitambaa kizuri hiki, mkwe. Kama huna kazi nacho tena, tupe. Tutaanikia matobolwa."

Watu walikuwa wanasikiliza. Twalibu alilishusha pazia lake mwenyewe, akalikunja, akampa.

Uchaguzi wa tawi ulifanyika wiki iliyofuata, ukumbi umejaa. Twalibu alipanda jukwaani na suti ya mifuko minne, akakohoa, akaanza: "Ndugu wananchi, sisi sote ni sawa..."

Kutoka safu za nyuma, Marcelina alichukua kijiko akagonga kikombe cha bati. Nge, nge, nge, kama kengele ya Lukumani.

"Balozi," akauliza kwa sauti ya heshima kabisa, "leo tukae wapi sisi wa la tatu?"

Ukumbi ulipasuka. Mtu mwingine akagonga kiti, mwingine akapiga mluzi wa treni, na Katibu wa wilaya, kwenye meza ya mbele, akacheka kuliko wote. Twalibu akashuka. Mikono ilipohesabiwa, wake haukuwa na mwenzake.

Bado anashona pale kwa Champaklal. Bado anawasimulia wateja juu ya babu yake kirangozi aliyetembea mbele ya msafara, na wateja, wakiwa wamenyoosha mikono wapimwe, humsikiliza mpaka mwisho. Kisha humuuliza: mbele ya daraja la ngapi?