Wadudu wa Boksi Moja

Siku tuliyofungua masanduku katika shamba la muhogo la bibi mmoja wa Kishanda, hakuna mdudu hata mmoja aliyeruka. Walitembea ukingoni, wakazunguka, wakarudi ndani.

Walikuwa wadudu wekundu wenye madoa meusi, walaji wa vidung'ata, vile vijidudu vyeupe vilivyokuwa vikikausha muhogo Muleba nzima. Niliwafuga miaka mitatu katika kituo chetu Bukoba, ndani ya masanduku ya risasi yaliyoachwa baada ya vita. Wote walizaliwa na wadudu wa boksi moja, waliokusanywa katika shamba moja. Kila mwaka tulipanga kwenda porini kuongeza wengine. Kila safari tulikuta kijiji kina matanga, na penye matanga hakuna anayeingia shambani. Miaka ile matanga hayakuisha.

Kutowaongezea damu mpya lilikuwa kosa la kwanza; la pili ni langu. Kila nilipofungua sanduku kuwahesabu, wepesi wa kuruka walitorokea dirishani. Nilizalisha waliobaki, nikajivunia upole wao.

Bibi alikuwa amezika wanawe wawili na wake zao. Migomba ilimshinda nguvu. Muhogo ule ndio uliokuwa chakula cha wajukuu wanne. Aliinama akatazama sandukuni.

"Waitu, bwana shamba, hawa wote ni wa boksi moja?" aliuliza, akiniita kwa heshima ya kwao.

"Ndiyo, bibi."

"Mmewaoza ndani ya ukoo mmoja, halafu mnashangaa." Alicheka kidogo. "Na umesoma."

Akanipeleka kwenye kichaka nyuma ya makaburi ya kibanjani, kwenye migomba yake. Huko walikuwapo wadudu wa aina ileile, wembamba, wenye madoa machache kuliko wangu, wanaoruka kabla hujawafikia. Tulikamata kumi na mmoja, tukawachanganya na wangu kwenye mashina ya safu ya mwisho. Hatujamaliza, kilio kikasikika nyumba ya pili. Bibi akatoka shambani. Nami nikatoka.

Nilirudi baada ya miezi miwili. Mlango ulikuwa umefungwa. Jirani alisema bibi yuko hospitali Rubya na wajukuu wawili. Shamba lote lilikuwa vijiti, isipokuwa shina moja katika safu ya mwisho, lenye majani mapya. Juu ya jani alikaa mdudu mmoja, mnene kama wangu. Niliponyoosha kidole, aliruka kama wale wa kichakani.

Sikuwahi kuhesabu madoa yake.