Bibi Alivyomfundisha Jirani Kusema Welcome

Jumapili iliyopita niliendesha gari hadi mji wa Columbia, huku Marekani, kumtembelea jirani yetu wa zamani, mama wa Kichina ambaye siku hizi anaishi na binti yake. Binti alinitahadharisha kwa simu kwamba mama amesahau mengi, Kiingereza chote kimemtoka, amebaki na Kichina tu, kwa hiyo nisije nikavunjika moyo. Nikamwambia nitakuja hivyo hivyo. Kiingereza cha yule mama nakijua kilikotoka, ndugu yangu, maana kilipikwa jikoni kwetu.

Tuliishi Hyattsville, ghorofa ya pili, kwenye nyumba za kupanga zenye korido iliyonukia sabuni ya kufulia na vitunguu vya kila mpangaji. Mama alifanya kazi kwenye ghala la bidhaa na alitoka alfajiri kuwahi basi. Bibi, aliyeletwa kutoka Tanga kuja kunilea, alishinda na mimi na sufuria zake. Mlango wa pili aliishi jirani huyo. Bibi hakujua Kichina, jirani hakujua Kiswahili, na Kiingereza chao wote wawili kingeenea kwenye kikombe cha kahawa na nafasi ikabaki. Hata hivyo kila alasiri walikaa jikoni kwetu, huyu akichambua mchicha, yule akikunja vijiandazi vyake vya mvuke, ambavyo kwa heshima ya bibi alivijaza nyama ya kuku peke yake. Mkalimani nilikuwa mimi. Bibi alisema kwa Kiswahili, mimi nikamjibu kwa Kiingereza, tabia inayomuudhi mama mpaka leo.

Mwaka ule jirani alikuwa akitafuta kazi kwenye jiko la nyumba moja ya kutunzia wazee. Asipoipata, mwanawe wa kiume angemchukua akaishi naye California, na huko si mwendo wa basi. Bibi hakupenda kulizungumzia, lakini siku moja, akiosha mchele, lilimtoka. "Huyu akiondoka, mimi nitabaki kuongea na friji," alisema. Nilicheka, kisha nikamwangalia nikaona hacheki.

Jumamosi jirani alikwenda darasa la Kiingereza Takoma Park, kwenye chumba cha chini cha kanisa dogo, na wanafunzi karibu wote walikuwa Wachina kama yeye. Mwalimu wao alikuwa mama Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, na kila akimwona bibi alimwamkia shikamoo kwa sauti ya kujaza chumba. Mtindo wake ulikuwa huu: kila mwanafunzi anapewa neno moja, anakwenda nalo nyumbani, anauliza watu, halafu anarudi kuwaeleza wenzake linavyotumika. Jirani akapewa "welcome". Kamusi yake ilimpa maana nyingi kwa Kichina na hakuna iliyomkata kiu, basi akagonga kwetu.

Bibi hakusita hata kidogo.

"Mwambie ni karibu," aliniagiza. "Mtu akikukuta unakula, unamwambia karibu. Atakataa. Mwambie tena. Akikataa tena, mvutie kiti, muonyeshe pa kunawa, ale hata tonge moja. Chakula hakikataliwi."

"But Bibi, people here don't do that."

"Ndiyo maana wanakula ndani ya magari yao," alijibu.

Wakafanya mazoezi. Jirani alitoka koridoni, akaingia, akamkuta bibi na sahani. Welcome. No, thank you. Welcome. Kisha wakabadilishana, bibi akatoka na jirani akashika sahani, wakaendelea hivyo mpaka wali ukaisha.

Jumamosi tulimsindikiza. Jirani alisimama mbele ya wenzake akaeleza kila kitu, pamoja na kiti na mahali pa kunawa. Mwalimu alimsikiliza mkono ukiwa mdomoni, halafu akamgeukia bibi aliyekaa nyuma. "Bibi yangu, hii si welcome. Hii ni karibu." Akawaeleza wanafunzi kwamba huku neno hilo husemwa mlangoni, au mtu akikushukuru, na sahani ya mtu ni mambo yake. Jirani aliitikia kwa adabu zote. Lakini nilimwona alivyomtupia bibi jicho, nikajua keshachagua mwalimu wa kumfuata.

Siku ya usaili bibi alimfungia wali wa nazi na kuku wa kupaka, kwa kuwa safari ilikuwa ya mabasi mawili. Alipofika aliambiwa asubiri kwenye chumba cha wafanyakazi. Kusubiri kukarefuka, njaa ikamshika, akafunua chakula chake. Hapo hapo akaingia mkuu wa jiko, makaratasi mkononi.

"Welcome," jirani akasema.

Yule bwana akatabasamu, akasema yuko sawa. Welcome. Akasema kweli, waanze tu usaili. Jirani akainuka, akamvutia kiti, akamwonyesha sinki.

Aliposimulia haya jioni ile, mama alishika kichwa. "Jamani, ume-invite boss kwenye ofisi yake mwenyewe? Hiyo job imekwenda."

Bibi aliuliza neno moja tu. "Alikula?"

"He eat," jirani alisema. "He eat all."

"Basi," bibi akasema, akarudi kwenye mchicha wake. Haikupita wiki, jirani akaitwa kuanza kazi, na habari za California zikafa pale pale. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ingawa siku ile mgeni alijifanya mwenyeji mwenyewe.

Bibi alirudi Tanga, na huko amelala. Zile nyumba zimekarabatiwa, milango inafunguliwa kwa namba, na korido inanukia rangi mpya. Mimi nami mchana nakula ndani ya gari, vioo juu, simu mkononi. Naikumbuka korido ile.

Basi Jumapili binti alinifungulia. Jirani alikuwa mezani, amepungua mwili, bakuli mbele yake. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kusoma mita. Binti akamweleza kwa Kichina mimi ni nani, akarudia, wapi. Nilisimama pale mlangoni, nikataka kumwambia aache, asimchoshe mama.

Jirani akaweka vijiti vyake chini.

"Welcome," alisema.

"No, thank you," nikasema, maana ndivyo tulivyofundishwa.

"Welcome," akasema tena, na mkono wake ukavuta kiti.

Nikaenda kunawa.