Nafasi ya Nne Ukutani

Nikiuona ule ukuta damu inanichemka, na ukuta wenyewe uko kwenye saluni ya mume wangu, kwa hiyo nauona kila siku.

Saluni ni ya kunyoa wanaume, hapa Usa River. Fundi rangi alishachora ukutani sura tatu za marapa: Wamarekani wawili na mmoja wa Dar. Ilibaki nafasi ya nne, ya mtu wa Arusha. Jumamosi moja nimepeleka chakula cha mchana, mtoto mgongoni, nikawakuta wanabishana nani kaacha alama kubwa kwenye hip hop. Huo ubishi naupenda, sikatai. Mmarekani wa kwanza, walisema, alifundisha watu kusimulia mtaa wao bila aibu. Wa pili alibadilisha jinsi maneno yanavyokaa kwenye biti. Wa Dar alituonyesha kwamba Kiswahili kinachana mistari ya rap chenyewe, hakihitaji kubebwa. Hayo yote kweli.

"Na wa Chuga, Arusha yetu?" aliuliza mume wangu, mashine mkononi.

"Hilo nalo la kuuliza?" Fundi alikuwa ameshaanza kuchora kwa chaki sura ya msanii mmoja anayejulikana mji mzima. "Nani alitufundisha kukata pumzi kabla ya neno la mwisho, watu wakamalizia? Kila chalii anachana hivyo sasa."

Nikaweka hotpoti chini. Ile staili ni ya dada yangu. Marehemu dada yangu, aliyekuwa akifunga maua ya waridi kwenye shamba hapahapa Usa. Tumekulia kijijini Terrat, na kule wanawake wakiimba kwenye sherehe, mmoja anaanzisha, anakata, wenzake wanapokea. Dada aliuchukua uimbaji huo wa mama zetu akauingiza kwenye rap. Jumapili baada ya ibada alikuwa akichana kwenye uwanja wa mpira. Wavulana waliokuja kumcheka walirudi wiki iliyofuata kupokea. Huyo msanii wao alikuwa mmojawapo.

Nikatoa simu, nikawawekea video ya dada. Wakasikiliza mpaka mwisho.

"Shem, dada yako alikuwa mkali," alisema fundi. "Ila kamwiga jamaa."

"Kamkopi mpaka pumzi!" akadakia mteja kwenye kiti. Wakacheka. Mume wangu naye akacheka.

"Narudia video," nikasema. "Msikilizeni huyo mtoto anayelia. Ni binti yetu wa kwanza, hata arobaini hajatoka. Leo yuko darasa la tatu. Wimbo wa kwanza wa jamaa yenu ulipotoka alikuwa anaenda chekechea, akiuimba njia nzima. Haya, nani kamkopi nani?"

Fundi akajikuna shingo. "Lakini shem, jamaa anajulikana. Dada hana hata wimbo mmoja redioni."

"Kwani mlikuwa mnabishana nani anajulikana, au nani kaacha alama?"

Fundi akageukia ukuta, akaendelea kuchora kofia.

"Mama watoto, punguza sauti, kuna wateja," alisema mume wangu.

Kupunguza sauti! Nikachukua taulo bichi, nikafuta ile chaki, kuanzia kofia mpaka kidevu. "Hapa anakaa dada, au hakai mtu."

Chakula changu siku hiyo hakikuliwa. Fundi amegoma kuchora mtu asiyejulikana, na mimi nimegoma kuona mwingine pale. Nafasi iko wazi. Wateja wageni wakiuliza inamsubiri nani, mume wangu anawaelekeza kwangu kwa kitana, nami nawawekea video, sauti mpaka mwisho.

Juzi kuna kijana wa Kikatiti alikuwa amenyolewa nusu kichwa. Dada alipokata pumzi, yeye akapokea, palepale, neno lenyewe, na hiyo video hajawahi kuiona.

"Umejifunza wapi kupokea hivyo?" nikamuuliza.

Akamtaja yule msanii.

Nikavuta stuli, nikakaa mbele yake, nikairudisha video mwanzo.