Nilimdanganya Mke Mwenzangu Jinsi ya Kumlisha Chatu, Sasa Kaachika

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana mawifi zangu wote wamo humu na hawapitwi na kitu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, naishi Bububu, na huu ni mwaka wa kumi na moja wa ndoa yangu. Mume wangu anafuga chatu na wale buibui wakubwa wenye manyoya, tarantula, anawapeleka kuonesha wageni kwenye mahoteli ya Paje. Alipowaleta nyumbani mara ya kwanza nililia, na mama akanambia nirudi kwetu. Sikurudi, nilijifunza. Buibui nikawa nawapa mende kwa kibano, mmoja mmoja, na chatu nawapa panya tunaowanasa kwa mtego. Panya unamuua kwanza, unamshika mkia kwa koleo, unamtikisa mbele ya nyoka mpaka amdake. Miaka tisa nimefanya kazi hiyo. Nina kovu la meno mkononi, na ufunguo wa banda lao ulikuwa wangu.

Mwaka juzi akaoa mke wa pili, binti wa miaka ishirini na tatu kutoka Makunduchi, akamweka upande wa pili wa nyumba hiyo hiyo. Nikavumilia. Sitasema nilifurahi, nani anafurahi? Lakini siku moja mume akanambia mbele yake, "Bi mkubwa, mpe mwenzio ufunguo wa banda. Wewe ushachoka, na wageni wanampenda huyu, anacheka nao." Nikautoa nikampa. Tangu hapo binti akawa anapigwa picha na chatu shingoni, na mume anawaambia wageni kuwa mkewe huyu hajui woga tangu azaliwe. Mwongo mkubwa. Wiki ya kwanza alikuwa akiona mende anapiga kelele, na mimi ndiye niliyemshika mkono nikamfundisha. Jamani, niliumia. Kugawana mume nilishakubali, ila hili la banda lilinikaa rohoni.

Miezi miwili na kitu nyuma mume alikwenda Paje siku mbili na nyoka wadogo. Yule chatu mkubwa, jike, ambaye mume alikuwa akimsalimia kabla ya kunisalimia mimi, akabaki bandani. Asubuhi mwenzangu akanijia jikoni, nakuna nazi.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba."

"Yule mkubwa macho yake yameingia weupe, kama ukungu. Na leo ndo siku yake ya kula. Nimpe?"

Anayefuga nyoka anajua. Macho yakiingia ukungu, chatu anakaribia kujivua gamba. Haoni vizuri, hataki kula, anataka aachwe alale. Ukimtilia panya mzima ukafunga mlango, basi atakayekula ni panya. Akishikwa na njaa anaanza kumtafuna nyoka, na nyoka amelala tu. Haya yote nilikuwa nayajua. Nikaendelea kukuna nazi yangu nikamwambia, "Mpe. Tena panya usimuue, anataka wa kukimbia, ndo hamu itamrudi. Mtilie, ufunge, na usimchungulie mpaka bwana arudi. Akiona mtu anasusa."

"Ahsante bi mkubwa," akasema, akaenda zake. Aliniamini moja kwa moja, na wakati ule, Mungu anisamehe, nilicheka.

Siku ya pili laasiri mume akarudi, wakafungua pamoja. Panya amekaa juu ya mgongo wa chatu, ameshiba, na mgongo umetafunwa sehemu tatu mpaka mfupa unaonekana. Chatu alikuwa bado hai. Alichukua siku mbili kufa. Mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, alilia kwa sauti.

"Nani kakwambia umtilie panya mzima?"

"Bi mkubwa ndo kanambia."

Akanigeukia. Nikamwambia, "Mimi? Miaka tisa nnawalisha, ushaona hata siku moja nimetia panya mzima? Wallahi sikumwambia." Niliapa, na udhu nilikuwa nao.

Binti akanisogelea. "Bi mkubwa, si ulikuwa unakuna nazi? Hebu kumbuka."

"Usinisingizie, mwenzangu. Nnakuchukulia kama mdogo wangu."

Mume akamwambia, "Chatu ningekusamehe. Lakini umemzulia mwenzio uongo na mimi nimesimama hapa." Akampa talaka moja pale pale uani. Nilimsaidia kufunga nguo zake.

Ufunguo umerudi kwangu. Mume ananisifu kwa kila anayekuja, na kusema kweli mwezi wa kwanza nililala vizuri. Juzi mwenzangu kanitumia ujumbe: "Bi mkubwa, sina kinyongo. Ulinambia na wewe unajua, lakini sitolisema tena kwa mtu. Nakuomba kitu kimoja, niombee kwake anirejee kabla eda haijamalizika. We anakusikiliza." Eda yake imebaki kama wiki mbili. Ikipita hajarejewa, itabidi ndoa ifungwe upya, na mume wangu namjua, si mtu wa kurudi kuposa alikoacha.

Nikisema ukweli, atakayeachwa ni mimi niliyeapa uongo. Nikinyamaza, wiki mbili zitapita zenyewe. Au nimwombee msamaha, arejewe kwa heshima yangu, aje anibusu mkono kwa kosa nililolifanya mimi. Hili la mwisho ndilo linalonivutia zaidi, na hapo ndipo nilipoanza kujiogopa.

Leo mchana tulikuwa tunakula, mume akaweka tonge chini akaniuliza, "Mke wangu, yule nimrejee au nimwache? Wewe ndo ulomjua. Utakalosema nitalifanya." Nimemwomba anipe mpaka Ijumaa. Nitukaneni, najua nastahili, lakini mkimaliza nishaurini: Ijumaa nimjibu nini?