Panga Langu na Kibanja cha Mama Koku

Siku yangu ya kwanza kazini, kata ya Kanoni, Afisa Kilimo wa Wilaya alinikabidhi panga kabla hata ya kunionyesha meza. "Kata kwanza, ndipo useme," aliniambia. Mgomba wenye ugonjwa wa mnyauko ukiukata shina hutoa utomvu wa njano. Mzima hutoa maji tu. Nikawa nakata kila nilipoona dalili, Kanoni, Rugu, mpaka Kyerwa.

Nilipokaribia kustaafu ukaja mradi wa kompyuta. Mratibu wake, dada mpole lakini mkali wa kazi, alitaka picha za migomba: chache niziandike "mgonjwa" au "mzima", nyingi zibaki bila jina. Kompyuta ikatengeneza "miti" mingi ya maamuzi, kila mti ukionyeshwa vipengele vichache tu kwa bahati nasibu, huu rangi ya jani, ule mkungu, mwingine shina. Miti ilipiga kura juu ya picha zisizo na jina, na majibu yenye kura nyingi yakawa somo la raundi inayofuata. Mwanzoni ilibishana. Baadaye ikakubaliana yote, nasi tukapiga makofi.

Ikafika zamu ya kibanja, yaani shamba la migomba, cha Mama Koku, mjane wa Ihembe. Miti yote ikasema mgonjwa, amri ikatoka ya kufyeka. Nilipoitazama picha, niliona mikato kwenye mashina. Mama Koku alikuwa amekata maganda ya mashina apate kamba za kufungia maharage. Na picha zangu zote za migomba migonjwa zilikuwa na jeraha la panga! Mizima sikuigusa. Kompyuta ilijifunza panga langu, wala si ugonjwa, na miti iliyoona shina ikaipotosha mingine.

Niliogopa, jamani. Niliogopa aibu, niliogopa kustaafu na doa. Siku mbili nikanyamaza. Siku ya tatu nikaenda kwa mratibu.

"Kosa ni langu. Wasimamishe wanaofyeka."

Tulikuta nusu ya kibanja iko chini. Nilikata shina moja lililolala. Yakatoka maji matupu.

Sasa nimestaafu. Vijana mnaoandika majina kwenye picha, miti yote ikikubaliana msishangilie, rudini shambani mkakague. Mama Koku bado huniletea mkungu kila akivuna.

"Pokea, Bwana Shamba. Usingewahi, ningebaki na nini?"

Naupokea kwa mikono miwili. Zile siku mbili sijamwambia mpaka leo.